Kupeleka watoto makumbusho ya Nairobi na Olorgesailie ukitokea Malindi, panga hivi

Kila shule zikifungwa watu wa Malindi tunaulizana swali lilelile, watoto tuwapeleke wapi, na jibu mara nyingi ni Mombasa kwa shangazi ama Watamu kuogelea, kama kwamba hapa mlangoni hatuna bahari. Sasa kama mwanao ni wa wale wanaouliza mifupa ya zamani hukaa wapi na nani huichimba, kuna safari moja nzuri sana wengi wetu hatuifikirii: Makumbusho ya Taifa pale Nairobi, halafu Olorgesailie, barabara ya kwenda Magadi, mahali wataalamu wamechimba toka miaka ya 1940 na vitu vingi vikaachwa palepale vilipofukuliwa ili watu wavione. Nasema mapema, kinachoiharibu au kuipendeza safari hii ni mpangilio. Ukimpeleka mtoto shimoni kwanza ataona mawe, mawe tu, tena juani, na baada ya dakika kumi atakuambia mama twende. Anza nyumbani, kisha makumbusho, shimo liwe la mwisho.

Na jambo la dinosa limalizeni hapahapa. Olorgesailie hakuna dinosa. Dinosa waliisha kama miaka milioni 66 iliyopita na vitu vya Olorgesailie ni vya kuanzia kama miaka milioni 1.2 iliyopita kuja huku. Mwambie kabla hamjapanda gari, usingoje kilio kule.

Kwanza, anzia ukutani

Kama wiki mbili tatu kabla ya safari tafuta ukuta wa zamani ambao plasta imebanduka, mji wa zamani zimejaa kuta hizo, ama nenda timbo lolote wanapokata mawe ya kujengea (omba ruhusa, na usimwachie mtoto mkono manake matimbo yana mashimo). Mwambie aangalie jiwe kwa karibu, apige picha azumu. Ataona kama maua ya mawe, vitundu vidogo vyenye umbo la nyota, mistari, mara kombe limenasa ndani. Hayo yalikuwa matumbawe hai. Kama miaka 125,000 iliyopita dunia ilikuwa na joto kidogo kuliko sasa, barafu nyingi iliyeyuka na bahari ikapanda mita 6 mpaka 9 juu ya ilipo leo, kwa hivyo sehemu kubwa ya ukingo huu wa pwani tunaokaa ilikuwa chini ya maji na matumbawe yakajijenga. Bahari iliporudi chini yakabaki nchi kavu yamekuwa mwamba, na mwamba huohuo ndio wazee walijengea nyumba na misikiti. Yaani mtoto amelala miaka yote ndani ya visukuku, mabaki ya viumbe wa zamani yaliyogeuka mawe, na hana habari.

Hiyo pekee inabadilisha macho yake. Ukimaliza hapo mpeleke Gede, ni kilomita 16 tu kutoka Malindi. Najua, Gede tumeenda sote na shule, tumeona magofu tukala biskuti tukarudi, lakini safari hii muende na kazi. Gede yenyewe si visukuku, ni mji uliohamwa karne ya 17 hivi, ila namna ya kuuchimba ni ileile: James Kirkman alianza pale 1948 akaendelea miaka kumi, na hakuwa akitafuta dhahabu, alikuwa anaangalia kila kitu kilikuwa kwenye tabaka gani, nini kiko juu yake nini kiko chini yake. Kuna kaburi pale limeandikwa mwaka wa hijria 802, yaani 1399 kwa kizungu, basi ukishajua tarehe ya kitu kimoja unaweza kukisia cha jirani yake. Mfundishe mtoto maswali mawili tu, kilikuwa wapi na kilikuwa na nani. Sahani ya Kichina ikiokotwa ikauzwa haisemi kitu tena, ikikutwa sakafuni mwa nyumba fulani chini ya tabaka fulani inasema habari nzima. Akilishika hilo Gede, Olorgesailie ataelewa bila kuelezewa sana. (Mji huo umeingia orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2024, ukitaka kumringishia binamu wa Nairobi.) Enda asubuhi mapema na mahamri yako yafiche kwenye mkoba wa zipu, kima wa Gede hawana haya.

Kuna hadithi mbili pia za kuwapa usiku kabla ya kulala, zote za kwetu. Moja ni ya samaki silakanti. Wataalamu walikuwa wakimjua kwenye mawe tu, wakasema alikwisha zamani za dinosa, mpaka 1938 akavuliwa mmoja mzima kule Afrika Kusini, na 2001 akanaswa mwengine na wavu wa meli hapa bahari ya Malindi. Mtoto wa mvuvi ukimwambia hivyo hatalala.

Ya pili ni Panga ya Saidi, lile pango la upande wa Dzitsoni, kaunti yetu hii hii ya Kilifi. Wachimbaji wa Makumbusho ya Taifa na wenzao wa Ujerumani walikuta kaburi la mtoto wa kama miaka miwili unusu mpaka mitatu, alizikwa miaka 78,000 iliyopita, amelazwa ubavu amekunjwa, na kwa namna kichwa kilivyoinama wanaona kilikuwa kimewekewa kitu kama mto. Ndio kaburi la kale zaidi la binadamu linalojulikana Afrika nzima. Wakamwita Mtoto. Mifupa ilikuwa laini kiasi kwamba ukiigusa inakuwa unga, ikabidi wazibe donge zima na plasta walibebe mpaka maabara Nairobi kisha Uhispania, na habari ikatangazwa 2021. Lakini pale si mahali pa kufululiza na gari la watoto, wenyeji wanafanyia ibada zao, kwa hivyo ukitaka kwenda pitia kwanza kwa watu wa makumbusho na wazee wa pale. Kwa hadithi inatosha kabisa.

Pili, tiketi na njia

Treni. Basi la usiku Malindi-Nairobi lipo na ni rahisi kwa mfuko, ila na watoto wadogo mtafika mmechoka siku ya kwanza yote iende kwenye usingizi. Treni ya asubuhi inatoka Miritini saa mbili, na kutoka Malindi mpaka pale ni kama kilomita 120 na foleni ya Mombasa unaijua, kwa hivyo laleni Mombasa kwa jamaa, na shangazi naye atakuwa ameonwa. Mimi napenda hiyo ya asubuhi kwa sababu mnapita Tsavo mchana, kaeni dirishani, ndovu wekundu wa vumbi mnaweza kuwaona bila kulipa kiingilio. Ya saa tisa mchana ni ya haraka lakini giza linawakuta njiani.

Kata tiketi mapema sana, likizo ya Agosti na Disemba viti vinaisha. Beba kitambulisho, na fika stesheni saa moja na zaidi kabla manake kuna ukaguzi wa mizigo na mbwa wananusa, sio kama matatu ya kudandia. Mkishuka Syokimau, stesheni ya Nairobi, kuna treni ndogo ya kuwaunganisha mpaka mjini, ni nafuu kuliko teksi kama hamna mabegi mengi.

Tatu, mnabeba nini

Hapa watu wa pwani tunakosea pande zote mbili. Nairobi mwezi wa saba na wa nane ni baridi ya kweli, asubuhi mvuke unatoka mdomoni, watoto wetu hawajazoea, kwa hivyo masweta na soksi. Halafu siku inayofuata mnateremka Bonde la Ufa, kutoka mita 1,700 za Nairobi mpaka kama mita 1,000, na joto la kule ni kavu, halina upepo wa bahari, jasho linakauka kabla hujaliona na mtoto anaishiwa maji mwilini huku anakwambia hana kiu. Sisi tunajiona tunalijua jua. Hilo ni jua lengine. Kofia za ukingo, nguo nyepesi za mikono mirefu, buibui jeusi zito liache gestini uvae dera ama kanzu nyepesi, na viatu vya kufunika vidole manake kuna miiba na nge. Malapa hapana.

Maji beba kuliko unavyodhani yatatosha, halafu ongeza. Chakula pia, usitegemee hoteli ya pilau kule: viazi vya kuchemsha, chapati, ndizi, karanga, tende. Daftari na penseli kwa kila mtoto, futikamba ama rula, na kioo cha kukuzia kama unacho. Simu zichajiwe na mje na pawabenki. Ramani ya njia ipakueni kabisa mkiwa mjini.

Nne, makumbusho ya Nairobi

Pale mlima wa Makumbusho, karibu na Westlands na Parklands, na Parklands chakula halali hakikupi tabu. Malipo siku hizi ni eCitizen, ule mtandao wa huduma za serikali, fanyeni usiku uliotangulia ili msisimame getini mnahangaika na mtandao huku watoto wanakimbizana. Kitambulisho mkononi, mwananchi analipa kiwango chake.

Mkiingia msianze na ndege. Ukumbi wa ndege ni mzuri mno, wamepangwa mamia kwa mamia, lakini ukianza hapo mtoto anamaliza nguvu zote kwa kasuku. Muingie moja kwa moja kwenye chumba cha mifupa ya watu wa kale wakati akili bado mbichi.

Wa kutafuta kwanza ni kijana wa Turkana. Alipatikana 1984 Nariokotome, magharibi ya ziwa Turkana, ana umri wa kama miaka milioni 1.5, na alikufa akiwa bado mtoto, wengi wanakadiria miaka 8 mpaka 12, ila urefu tayari alikuwa futi tano na kidogo. Msimamishe mwanao mkabala naye wapimane. Mifupa yake zaidi ya 100 imepatikana, na kwa kitu cha zamani hivyo huo ni muujiza, kawaida unapata jino ama kipande cha taya unashukuru Mungu. Halafu mwambie aliyemuona kwanza ni nani: Kamoya Kimeu, Mkenya, mtu aliyeanza miaka ya 1950 kama kibarua wa kuchimba, bila shahada yoyote, akawa mtafutaji hodari kuliko wenye shahada zao. Aliona kipande kidogo cha fuvu kinafanana rangi na kokoto zilizokizunguka. Basi. Kipande hicho ndicho kilifungua mlango. Kuna nyani wawili wa kale wamepewa jina lake na wataalamu, na alifariki 2022. Kuna mwengine, Bernard Ngeneo, yeye 1972 kule Koobi Fora aliona vipande vya fuvu linaloitwa 1470, vilikuwa zaidi ya 150 vikaunganishwa kimoja kimoja. Mimi haya majina nayarudia kwa watoto makusudi, manake vitabu vingi vinataja Leakey, Leakey, Leakey, ile familia ya Kizungu ya wachimbaji, mtoto anadhani kazi hii ni ya Wazungu sisi tunapika chai ya kambi.

Kizuri kingine cha kusimulia mkiwa humo ndani, hata kama hamtakiona kwa macho: Simbakubwa kutokaafrika. Ndilo jina lake la kisayansi kabisa, watoto wanalicheka mpaka basi. Mifupa yake ilichimbwa magharibi ya Kenya mwishoni mwa miaka ya 1970, ikawekwa kwenye droo za makumbusho, ikakaa, ikakaa, mpaka watafiti wawili wakafungua droo wakashtuka na ukubwa wa meno, na 2019 ndipo akatangazwa. Alikuwa mnyama mla nyama mkubwa kuliko simba wetu, wa kama miaka milioni 22 iliyopita, na wala si ukoo wa simba. Kwa hivyo kugundua si lazima jembe, wengine wanagundua kwenye droo.

Ndovu Ahmed wa Marsabit yuko hapo uani, sanamu lake la ukubwa wake kamili, yule aliyelindwa kwa amri ya Mzee Kenyatta. Picha ya familia pigieni hapo. Bustani ya nyoka ni ya mwisho kabisa na muda uwe mfupi, na usikubali waanze nayo hata walie.

Saa tatu kwa jumla zinatosha. Zaidi ya hapo watoto wanaangalia bila kuona.

Tano, siku ya Olorgesailie

Hii ndiyo siku yenyewe. Toka Nairobi alfajiri mkishaswali, mafuta na upepo wa tairi kagua Kiserian manake baada ya hapo vituo ni vya kubahatisha. Ni kama kilomita 70 kutoka mjini. Gari la kawaida linafika, ni lami mpaka kwenye kibao kisha kipande kifupi cha vumbi, lakini kukodi gari na dereva anayeijua njia ni bora kuliko kuungaunga matatu, kwa sababu matatu za Magadi si nyingi na kurudi jioni ndio mtihani. Mkishapita vilima vya Ngong bonde linafunguka mbele yenu chini kule, simameni kidogo waone, watoto wa nchi tambarare kama sisi hawajawahi kuona ardhi imepasuka namna hiyo.

Lengo lako ni kuwa getini kabla ya saa nne. Baada ya saa sita pale ni tanuri.

Mkifika kuna jumba dogo la makumbusho, anzeni humo, kisha mwongozaji wa makumbusho anawatembeza nje kwa miguu. Mpeni nafasi aongee, na watoto wamuulize wao wenyewe. Mnapita kwenye njia, mkifika penye mashimo kuna vijia vya mbao vilivyoinuliwa na paa juu, na chini yenu mnaona mashoka ya mawe yametapakaa, mamia na mamia, vile vile Mary Leakey alivyoyakuta. Gregory, yule mtaalamu wa miamba, aliona mashoka huku 1919, lakini ni Mary na Louis Leakey walioanza kuchimba 1942. Na hii itawachekesha watu wa Malindi: wakati wa vita vya pili vya dunia baadhi ya vibarua wao walikuwa Waitaliano, mateka wa vita. Kumbe Waitaliano walianza kuchimba Kenya kabla hawajafika kwetu kufungua mapizza.

Shoka lenyewe usitarajie lina mpini. Ni jiwe limechongwa pande zote mbili likapata makali na ncha, linashikwa na kiganja. Muulize mwongozaji kama kuna la kushikwa, kisha mwache mtoto alitafutie mkao mkononi, ataona kuna upande mmoja linakaa sawasawa kama limengoja mkono wake. Mashoka ya namna hii watu wa kale waliyatengeneza kwa zaidi ya miaka milioni, mtindo haubadiliki sana, baba kwa mwana, na sisi simu ya mwaka juzi tunaiita ya kizamani.

Kuna pahali pengine wanawaonyesha mifupa ya ndovu wa aina iliyopotea, na vifaa vya mawe vimemzunguka, yaani hapo alichunwa na kukatwa. Kuna habari pia ya nyani mkubwa, jamaa ya gelada wa Ethiopia lakini yeye jitu, na kiboko wa kale aliyekuwa na macho yamechomoza juu ya kichwa. Unajiuliza kiboko kwenye ukame huu alifuata nini. Ndiyo hapo sasa umwambie mtoto aangalie udongo.

Udongo wa pale una sehemu nyeupe pepe, unapaka mkononi. Hiyo inaitwa dayatomaiti, ni maganda ya vijimea vidogo mno vya majini, wanaishi ziwani wakifa maganda yanazama. Kwa hivyo palikuwa na ziwa. Juu ya tabaka nyeupe mara kuna tabaka la kijivu, hilo ni majivu ya volkano, kisha nyeupe tena, kisha udongo wa kahawia wa wakati ziwa lilikauka. Mwambie ahesabu tabaka kwenye ukuta wa korongo na azichore. Majivu ndiyo yaliyotufaa: kiumbe akifa akabaki juu fisi na mchwa wanammaliza, ila akifunikwa haraka na majivu ama tope hewa haimfikii, na madini ya maji ya ardhini yanaingia polepole ndani ya mfupa mpaka unakuwa mzito kama jiwe. Na majivu hayohayo ndiyo yanayotoa tarehe. Ndani yake kuna chembe zenye potasiamu, na aina moja ya potasiamu inageuka gesi ya agoni kwa mwendo unaojulikana, haichelewi haiharakishi, basi maabara wanapima gesi imekusanyika kiasi gani wanajua volkano ilipiga lini. Mfupa ukiwa kati ya tabaka mbili za majivu umri wake uko kati ya tarehe mbili. Ndio maana nilisema yale maswali ya Gede, kilikuwa wapi na kilikuwa na nani. Ukiutoa mfupa pale mahali pake hizo tarehe zote zimepotea.

Kwa hivyo hakuna kuokota. Hakuna kajiwe ka kumpelekea bibi, hakuna kipande kidogo hakitajulikana. Sheria ya makumbusho na urithi ya 2006 inakataza kuhamisha vitu hivi bila kibali, na mwanao akiona kitu amestuka cha kufanya ni kusimama, apige picha pembeni ameweka penseli ili ukubwa ujulikane, amuite mwongozaji. Kagua mifuko mkiondoka, watoto wa miaka sita ni wezi wa mawe wote.

Jambo ambalo mimi lilinikaa zaidi si la mashoka makubwa, ni la vijiwe vidogo. Timu ya Rick Potts wa Smithsonian, taasisi ya makumbusho ya Marekani, pamoja na makumbusho yetu wamekuwa wakichimba pale toka 1985, na 2018 walitangaza vifaa vya miaka kama 300,000 na zaidi, vidogo, vya makali mazuri, vingine vya obsidiani, lile jiwe jeusi kama kioo. Na obsidiani pale haipo! Ilitoka mbali, kilomita 25 mpaka zaidi ya 50. Pia wakakuta mawe ya rangi, mekundu na meusi, yamekwanguliwa kutoa rangi. Watu wa zamani waliochonga mashoka makubwa walichukua mawe ya karibu karibu tu, hawa wapya wana kitu cha mbali, kwa hivyo wataalamu wanaona kulikuwa na kupeana, watu wa kundi hili wanajuana na watu wa kundi lile. Kwetu sisi ambao babu zetu waliishi kwa majahazi na pepo za kaskazi, biashara tunadhani ilianza na jahazi. Muulize mtoto mnarudi njiani, hao wa obsidiani walipeana nini, walielewana vipi bila lugha moja. Majibu yake yatakushinda.

Ukiwa na nguvu kuna mabanda ya kulala palepale, ya kawaida kabisa, mje na shuka zenu, chakula na maji. Usiku nyota zinamwagika. Na kwenda mbele mpaka ziwa Magadi inawezekana siku ileile lakini na watoto chini ya miaka minane mimi ningerudi Nairobi, hapo joto limeshawamaliza. Kina mama wa Kimaasai wanauza shanga pale, nunueni kitu.

Maswali ya dini

Yatakuja, afadhali ujiandae. Bibi yao hapa nyumbani akisikia makumbusho ya mifupa ya watu wa kale kitu cha kwanza atasema ni kwamba mnaenda kufunzwa babu yenu ni nyani, na mtoto atauliza vilevile mbele ya fuvu kwa sauti kubwa watu wote wageuke. Mimi naona hivi: mfupa upo, jiwe lipo, tarehe imepimwa, hayo mtoto ayaone na ayaulizie kwa mtaalamu. Maana yake kwa imani yetu ni mazungumzo ya nyumbani na ya ustadh, bila kukimbizana, na mwongozaji wa makumbusho usimfanye mufti. Wapo masheikh na mapadri wanaopenda sana mambo haya, na wapo wasiopenda. Mtoto akiona mzazi hababaiki hata yeye hababaiki. Sala njiani mtajumuisha na kupunguza, mkeka mdogo ubebeni, chini ya mti wowote pale Olorgesailie panatosha.

Pesa zinaisha wapi

Si kwenye kiingilio. Gari la siku moja la kwenda Olorgesailie ndilo linakula bajeti, kwa hivyo tafuta familia nyingine mchangie, Noah moja inabeba nyumba mbili. Kingine ni malazi, Nairobi kila mtu ana jamaa South B ama Eastleigh, tumia jamaa. Vitafunio vya treni bei yake si ya kwetu, funga vyako. Kama pesa haitoshi kabisa mwaka huu fanya ile ya kwanza tu, ukuta, timbo na Gede, na Fort Jesus siku moja mkienda Mombasa, Nairobi ije mwakani. Haiozi, imekaa miaka milioni.

Kwa watu wa Lamu

Nyinyi ongezeni siku. Boti mpaka Mokowe, basi mpaka Malindi ama Mombasa mlale, kisha treni kesho yake. Kama mna uwezo wa ndege, kutoka uwanja wa Manda zipo zinazotua Wilson, na Wilson iko upande wa Lang'ata ambako barabara ya Magadi inaanzia, kwa hivyo tafuteni gesti upande huo wa Lang'ata au Rongai, siku ya Olorgesailie mtakuwa mmeshatoka kwenye foleni ya mjini kabla watu hawajaamka. Makumbusho mtaenda siku ya kwanza mchana. Masweta msisahau.